Shamba la Baba Ng'ambo ya Songwe

Nilikuwa mwalimu wa jiografia, tena mwenye kimbelembele. Mto Songwe niliufundisha bila kufungua kitabu: unaanzia milimani, unapokea vijito vya pande za Ibaba, unashuka mbio kwenye mabonde ya Ileje, kisha ukifika tambarare unachoka, unapindapinda hadi Ziwa Nyasa. Mdomoni kwake nilifika mara moja, nikiwa chuoni. Nilitegemea kishindo. Kumbe ni matete, tope na maji ya rangi ya chai ya maziwa. Huwezi kusema mto umeishia wapi.

Ila jambo moja sikulifundisha, kwa kuwa kwetu lilikuwa la kawaida: Songwe huhama. Mvua zikizidi unaacha njia yake na kukata nyingine. Umelala shamba lako likiwa Tanzania, unaamka liko Malawi. Baba yalimkuta hayo, mto ukaliacha shamba lake la mahindi ng'ambo, wala hakuhangaika. Wazee wa pande zote mbili, ndugu na wakwe watupu, walikuwa na desturi yao: mpaka ni mkondo wa zamani, ule mfereji mkavu uliojaa matete. Mto ukihama, shamba halihami. Baba alikunja suruali, akavuka, akalima, akarudi kula ugali nyumbani.

Vikaja vijiji vya ujamaa. Kamati ya kijiji chetu ikataka ramani ya kugawia mashamba, na nani wa kuichora kama si mimi? Nilishinda bondeni siku tatu na kamba ya kupimia, nikauchora Songwe pale maji yalipokuwa yakipita. Kwa mbwembwe zangu nikaongeza pembeni mto mzima, hadi ziwani.

Siku ya mwisho baba alinifuata, akanionyesha matete. "Mama, mpaka ni huu hapa. Usiusahau."

Nikacheka. "Baba, ramani inafuata maji, haifuati matete."

Mungu anisamehe kile kicheko.

Kwenye mkutano mwenyekiti aliitandaza ramani mezani, akaweka kidole. "Mzee, shamba lako liko nchi nyingine. Kijiji hakiwezi kulitambua, na kuvuka kwenda kulima sasa basi." Akapewa kipande mlimani, mawe matupu, mzee wa umri ule. Baba akanitazama. Alikuwa akingoja mwalimu aseme neno moja tu kuhusu yale matete, na wajumbe wangenisikiliza, maana walikuwa wametoka kunipigia makofi. Lakini kulisema ni kukiri kwamba ramani yangu ilikuwa na kasoro. Nikanyamaza. Watu husema majuto ni mjukuu. Mimi wangu nimemlea mpaka ameota mvi.

Mkutano ulipokwisha baba aliomba aione ramani. Hakujua kusoma. Aliishika kwa ncha za vidole asiichafue, akaufuata mto taratibu, akapita pale shamba lake lilipokuwa, akaendelea hadi ziwani ambako hakuwahi kufika. Kisha akawageukia majirani.

"Mnaona? Huyu ni binti yangu," akawaambia. "Hajakosea hata kidogo."