Vyuma Tulivyoanika Juani

Kazi yangu ni kuchomeka pini kwenye matundu. Nikisema hivyo mtaani kwetu Remera watu wanacheka. Mke wangu alicheka zaidi yao: "Mzee mzima, kutwa unachomeka pini?" Ndiyo, kutwa.

Karakana yetu iko Kagugu. Tunatengeneza vipande vya alumini vya viti vya magurudumu, na kila kipande kina tundu la kupitisha ekseli, kile chuma kinachoshika gurudumu. Nina kisanduku cha pini za chuma, nyoofu, zinang'aa. Kwa kila tundu nachukua mbili. Nyembamba lazima iingie. Nene, ambayo kwa macho huwezi kuitofautisha na mwenzake, lazima ikatae. Nene ikiingia, tundu limezidi, gurudumu litachezacheza na mgonjwa ataanguka. Na pini haisukumwi, inaachiwa uzito wake. Mimi shule niliiacha mapema kule Bujumbura, nikauza ndagala, dagaa wa kule, sokoni, na ndagala hazina vipimo, unajaza kopo tu. Lakini nirudi kwenye habari.

Juzi alikuja mama mmoja wa Kanombe kujaribiwa kwenye mashine ya kutoboa. Analea watoto peke yake. Bosi wetu, dada mhandisi, alimwambia wazi: "Vipande vyako vikipita kwa mzee, umeajiriwa. Visipopita, tutaagana vizuri."

Cha kwanza nilikifuta kwa kitambaa, nikakipima, nikamwambia: safi kabisa. Akatoboa vingine vingi, tukaviosha mafuta kwa sabuni. Vitambaa vikatuishia. Sasa kitu kilichooshwa unakipeleka wapi? Tukatandika mkeka uani, tukavianika. Mvua ilikuwa imetunyima jua siku nyingi, na siku hiyo lilikuwa kali kwelikweli. Wala hakuna aliyeuliza.

Adhuhuri nikaanza kupima palepale uani, kisanduku cha pini nimekiweka kivulini. Pini nene ikaingia. Kipande cha pili, ikaingia. Nikawa navitupa kwenye beseni la vilivyokataliwa, na yeye amesimama ananitazama.

"Mzee, hiyo pini ina njaa leo?"

"Njaa haina, mwanangu. Tundu lako ndilo kubwa."

"Mashine sijaigusa! Asubuhi si ulinisifu mwenyewe?"

Roho iliniuma, lakini ningeshuhudia uongo vipi, na kuna mtu atakalia kile kiti?

Mvua ikashuka ghafla. Tukakimbia kuvianua vilivyobaki, tukaingiza na lile beseni. Yule mama akakaa kwenye ndoo, akaanza kukunja kitenge chake kama mtu wa safari. Tulikaa hivyo mpaka mvua ikapungua na bosi akafika. Nikamweleza. Akachukua kipande kwenye beseni, akaomba pini nene. Ikakataa. Akachukua kingine. Ikakataa.

"Mzee, umesema zinaingia."

"Zimeingia nikiona, haki ya Mungu!"

"Vipande vilikuwa wapi?"

"Kwenye mkeka. Juani."

Alicheka mpaka akashika meza. "Mmeanika alumini kama mihogo!"

Akasema alumini ikipata moto inavimba na tundu linapanuka, na pini zangu zilikuwa kivulini, za baridi. Nikabisha. Ndiyo, nilibisha, mimi ni mbishi. "Bosi, kitu kikivimba si tundu linaziba? Jicho langu likivimba, linafunga."

"Jicho ni nyama, mzee. Kifuniko cha chuma kikikwama kwenye chupa, unafanyaje?"

Yule mama akadakia: "Unakimwagia maji ya moto, kinalegea! Nafanya hivyo kwa siagi ya karanga."

"Basi ni hivyo hivyo."

Nikakaa mezani, nikapima upya. Vipande vyote vilikuwa vimepoa. Nyembamba inaingia, nene inakataa. Kila ikikataa yule mama anaita, "Imekataa!" Mafundi wa kuchomelea wakaacha kazi, wakaja kuita naye. Sijawahi kuona watu wakifurahia kukataliwa namna ile. Kwenye viwili tu nene iliingia kweli, navyo nikavitupa mbele yake. Hakununa.

"Jumatatu uje na viatu vya kufunika vidole," bosi akamwambia. "Na mkeka mkautandike ndani."

Yule mama alifungua mfuko wake, akatoa kopo la wali na maharage ambalo tangu asubuhi hakuligusa, akala amesimama palepale kando ya mashine, haraka haraka. Kisha akanikabidhi kijiko na kilichobaki.

"Kula, baba. Jumatatu nitapika kingi."