Kichwa cha Fimbo ya Mfalme

Tulikuwepo watano, ukiacha wazazi wengine wasiotuhusu. Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, miaka tisa, ndiye aliyekuwa mfalme. Binti yangu, nesi, alitoka kazini moja kwa moja na yunifomu yake chini ya koti. Jirani yetu wa ghorofa ya juu, Mkongo, msafishaji wa ofisi, undugu wetu naye ni wa kuombana chumvi, alinishikia mkoba. Mwalimu wa darasa, mwanamke mrefu mwenye mafua. Na mimi. Majina yao ninayo yote, hata la mtoto aliyeigiza mlango, lakini binti yangu amesema nikitaja majina hanipigii taipu. Basi.

Ilikuwa Thornton Heath, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Darasa la mjukuu wangu lilikuwa likisoma habari za mfalme mmoja wa hapa Uingereza, wa miaka mia tatu na zaidi iliyopita, ambaye bunge lake lilimshtaki kisha akakatwa kichwa. Wakaamua kuigiza. Mwalimu alimchagua mjukuu wangu kwa sababu moja: mfalme alikuwa mfupi.

Mtoto alifurahi siku moja. Siku ya pili akaanza kuogopa. Krismasi iliyopita alikuwa malaika wa kusimama tu, hana neno hata moja la kusema, akatetemeka mpaka bawa likaanguka, na wenzake wakamcheka hadi Pasaka. Akaniambia jikoni, kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia lakini hajibu nacho:

"Nyanya, nikitetemeka tena, sirudi shule ile."

"Utaenda wapi?"

"Kwenu. Kenya."

"Kenya pia kuna shule."

Akafungua begi lake.

Alikuwa ameleta fotokopi ya picha ya mfalme, tuone mavazi. Mtu amekaa juu ya farasi mkubwa, kola ya lesi imemlalia mabegani. Nikasema huyu si mfupi. Akanieleza kwamba mchoraji alimchora kama mtu anayemtazama kutoka chini, ili watu waone ukubwa. Hapo nilielewa. Nimesoma madarasa matatu tu, lakini picha za wakubwa nazijua. Ukutani shuleni kwetu alikuwepo malkia. Uhuru ulipokuja, mwalimu akamshusha, akampandisha rais. Msumari ulikuwa ule ule. Fremu pia. Mwalimu pia.

Kola niliipata sebuleni. Nilichukua vitambaa vya kochi na cha televisheni, nilivyofuma mwenyewe, nikaviunganisha. Jirani alipoingia na kukuta televisheni uchi, akauliza nani amekufa. Nikamwambia mfalme.

Fimbo ya mfalme ilikuwa ufito wa pazia. Kichwani niliweka mpira mdogo, nikauzungushia karatasi ya fedha ya kufunikia chakula, nikaugandisha kwa gundi. Niliuvuta mara tatu. Haukutoka.

Kisha mtoto akanieleza kwamba siku ya kufa kwa mfalme kulikuwa na baridi kali, naye akavaa mashati mawili, asije akatetemeka watu wakadhani anaogopa. Nikashona mawili.

"La pili la nini? Mwalimu amesema moja latosha."

"La baridi."

Tukatazamana. Nikalikunja mara nne, nikalifunga kwa utepe, nikalitia kwenye begi lake. Likimfaa, atalivaa kabla ya kupanda jukwaani. Alinieleza mambo mengine pia kuhusu mchezo, lakini nilikuwa nahesabu mishono.

Siku yenyewe tulikaa safu ya tatu. Mfalme akaletwa mbele ya mahakimu wanane, akakaa.  Kisha nikaona vitambaa vyangu vikicheza mabegani mwake. Akagonga fimbo sakafuni, na kile kichwa cha fedha kikaanguka, kikabingirika hadi ukingoni mwa jukwaa.

Mahakimu wakatazama tu. Hakuna aliyesogea. Mfalme akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Mimi nilijua jambo moja: gundi yangu imemwaibisha mtoto, kama lile bawa. Na nilikolelewa mimi, kitu cha mtu kikianguka mbele ya watu, aliye karibu huokota. Ukimwacha ainame mwenyewe, umemtukana. Nikainuka.

"Mama, ikala!" jirani akaninong'oneza niketi. "Iko muchezo tu!"

Binti yangu akanishika sketi. Nikaishikilia kiunoni kwa mkono mmoja, nikaendelea. Nikapanda ngazi tatu, nikaokota, nikapangusa kwa leso, nikampa kwa mikono miwili.

Ukumbi mzima ukacheka. Hakimu mkuu alicheka. Mlango nao ulicheka.

Mjukuu wangu akanitazama. Kidevu kilitikisika kidogo, kikatulia. Akasema kwa Kiswahili, mara ya kwanza nimsikie mbele ya watu:

"Asante, nyanya. Sasa nenda ukae."

"Ndiyo, mheshimiwa."

Nikarudi. Akawageukia mahakimu, akawauliza kwa sauti ya kutosha ukumbi ni nani aliyewapa uwezo wa kumleta pale. Hakuna aliyecheka tena. Vitambaa vilikuwa vimelala kimya mabegani.

Walimkata kichwa hata hivyo.

Baadaye mwalimu akanijia na leso yake puani, binti yangu akitafsiri. Kumbe ule mpira aliulegeza mwalimu mwenyewe. Katika kesi ya kweli kichwa cha fimbo kilianguka, hakuna aliyeokota, na mfalme akainama peke yake. Mjukuu wangu alikuwa amenieleza, nikihesabu mishono. Nikasema pole, lakini kama ni hivyo, wale mahakimu hawakulelewa vizuri.

"Anasema samahani," binti yangu akamwambia mwalimu.

Nyumbani nikafungua begi ili nifue. Shati la kwanza lilikuwa na jasho. La pili lilikuwa limekunjwa mara nne, utepe haujaguswa. Nikarudisha kitambaa kwenye televisheni.

Jumatatu mtoto alikwenda shule, hakusema lolote kuhusu Kenya.

Waliokuwepo wengi bado wako hai. Kama mahakimu walikuwa saba nami nikawahesabu wanane, au kama yale mafua ya mwalimu hayakuwa mafua, mlango wangu mnaujua, njooni mnisahihishe na chai itakuwepo. Ila kwa utepe msijisumbue. Niliufunga mimi, na ni mimi niliyeufungua.