Maua ya Drocella kwenye Shamba la Kuazima

"Papa, maua haizai chakula, haina mbao, haina hata kivuli! Mwizi gani wa shamba anapanda maua?"

Njo maneno Drocella alimtupia Papa Hakorimana, mwenye shamba, asubuhi moja huko Kashuga, mwaka wa 1954. Sauti ilikuwa juu, lakini macho yalikuwa kwenye fimbo ya mzee. Hakorimana alinyoosha fimbo kwenye ukingo wa shamba, ambako maua mekundu ya dalia yalisimama yamefuatana.

"Na hii mustari," aliuliza, "ilijipanda?"

Kwetu, shamba la kuazima lina sheria moja: unapanda kinachokufa. Maharagwe, mahindi, viazi. Ukichomeka ndizi, kahawa ao mti, kitu kinachobaki ardhini msimu baada ya msimu, umesema shamba ni lako, na siku hiyohiyo unafunga vyombo. Drocella alikuwa mjane mwenye watoto wawili. Kaka yake wa Kalembe alikuwa amekwisha kumwambia nyumba imejaa.

Lakini alipenda maua, kichwa kigumu yule. Alikuwa akipalilia bustani ya masista, na pale alichagua kama mtu anayechagua uyoga. Waridi hapana, linakaa. Yale ya manjano yenye harufu kali ndiyo, yakishatoa mbegu yanakufa. Dalia aliitaka kwa sababu aliona kwa macho yake kiangazi kimeifanya nyeusi, imekufa kabisa. Akachuma mbegu kwenye kichwa kikavu.

Akaipanda kando ya maharagwe. Ikachanua, kiangazi kikaiua, akamshukuru Mungu. Mvua za mwezi wa tisa ziliporudi, palepale pakatoka chipukizi lenye shingo nyekundu, nene. Drocella aliangusha jembe. Alichimba mbiombio, akakuta mizizi minono kama viazi vitamu. Akaing'oa, akaitupa ukingoni pamoja na magugu, akienda akitupa, kama tunavyofanya sisi wote. Ikaota huko, mmoja nyuma ya mwingine. Na kwetu mpaka wa shamba hauchorwi, mpaka unapandwa.

Toka hapo hakula vizuri. Mtu akikohoa njiani, anaacha jembe na kuchungulia. Kung'oa tena aliogopa, maana kila anapotupa panaota. Basi kila asubuhi akawa anakata vichwa vya dalia kwa kucha, visionekane. Mjinga! Dalia ukiikata kichwa kimoja inatoa viwili. Ukingo ukawaka kama moto. Zaidi ya hayo, kikapo cha maharagwe, heshima anayopelekewa mwenye shamba kila mwaka, mwaka uliopita hakukipeleka. Mvua ya mawe ilikuwa imepiga.

Sasa Hakorimana aliinama. Alishika shina moja, akaligeuza, akatazama jingine, na jingine.

"Nani anakata hizi vichwa?"

"Ni miye, Papa."

"Juu ya nini? Sababu ni nini?"

"Juu usione."

Hakorimana alicheka puani. "Muntu wa kuweka mpaka anataka ionekane. Wewe unaficha yako? Basi uko mwizi asiyejua kazi, Mama."

Drocella hakucheka. Macho yake yalikuwa bado kwenye fimbo.

"Lete kikapo."

Drocella alijua anadaiwa kile cha mwaka jana. Akakimbia nyumbani, akarudi nacho kimejaa maharagwe yote aliyokuwa nayo, kwa haraka hata mengine yakamwagika njiani. Hakorimana alitia mkono ndani, akaona ni mbegu ya kupanda. Akayamimina yote ndani ya kikwembe, kitenge alichojifunga Drocella.

"Chimba hizi viazi zako za bure. Usibakishe hata moja. Muke wangu Nyiramana atazipanda kwa mulango yetu. Kule zikae hata mpaka Yesu arudi."

Alichimba hadi jua likawa kali, akichekecha udongo kwa vidole, akiogopa kipande kimoja kisimbakie. Hakorimana alinyanyua kikapo kilichojaa mizizi, akakiweka begani.

"Kile cha mwaka jana," alisema, "nimekipokea."