Aliyeifunga Betri ya Kasa

Mimi nauza chai kwenye gereji ya Kioko, nyuma ya soko la Malindi, na huu ni mwaka wa kumi na moja. Kwetu ni Kisii. Watu wa hapa waliponizoea waliniambia kwamba nina sauti kubwa na siri ndogo, nikacheka, maana muuza chai asiye na habari atamuuzia nani?

Kioko ni Mkamba aliyezaliwa Mariakani, mtu mfupi mwenye vidole vinene, hana maneno mengi, ila ni mkali kwa yeyote anayerudisha spana pasipo pake. Hutengeneza magari ya kila namna, lakini jina lake lilijengwa na gari moja, MG nyekundu ya Mzee Jaafar, iliyoundwa Uingereza kabla Kenya haijapata uhuru. Babake Mzee Jaafar, mtu wa Lamu, alikuwa mpishi wa Mwingereza mmoja kule Kilifi. Mwingereza alipofungasha kurudi kwao, alimwachia mpishi gari badala ya kiinua mgongo. Ni dogo, halina paa la maana, na limekaa chini kiasi kwamba watoto wa mtaani walilibatiza Kasa. Jina likashika hata kwa mwenyewe.

Kasa halitaki fundi mwenye haraka. Spana zake ni za inchi, zimeviringwa kwenye turubai kuukuu lililokuja na gari, na Kioko hamwazimi mtu hata ukilia. Sakafu yake ni ya mbao. Chumvi ya pwani imekula bati lake mara nne, na mara nne Kioko amekata na kuchomelea upya. Lina kabureta mbili zinazotakiwa kuvuta hewa sawasawa, kwa hiyo Kioko huchukua kipande cha mpira, ncha moja akaiweka kwenye mdomo wa kabureta, ncha nyingine sikioni, akasikiliza. Kisha huhamia ya pili, akarudi ya kwanza, robo saa nzima amefumba macho. Watu walikuwa wanakuja kumtazama tu. Mimi nawauzia chai.

Na Kasa lina ukaidi mmoja ambao Kioko alipenda sana kuuhubiri. Kwenye magari yote unayoyajua, upande hasi wa betri ndio unaofungwa kwenye bodi. Kwenye Kasa ni kinyume, bodi hufungwa chanya. Ukikosea, unachoma. "Hata usingizini siwezi kukosea," Kioko alikuwa akisema, na msikilizaji wake mkuu alikuwa Mangi.

Mangi ni Mgiriama wa Magarini, mtu mzima mwenye mke na watoto watatu, mpole kupita kiasi. Kioko ndiye aliyemfundisha umeme wa magari, wakafanya kazi pamoja miaka saba. Kama gari lilikuwa na shida ya waya, lilikwenda kwa Mangi. Mtu alikuwa anamwachia ufunguo akaenda zake sokoni bila wasiwasi.

Miaka mitatu iliyopita, Idi ikiwa imekaribia, Mzee Jaafar alileta Kasa litengenezwe honi na kuwekewa betri mpya, kwa sababu kila Idi hulitumia kuwatembeza wajukuu, mmoja mmoja. Siku ya kwanza Mangi alitengeneza honi. Siku ya pili mwanawe alishikwa na homa, hakuja. Kioko akaifunga betri mwenyewe, simu ameibana begani, akigombana na dereva wa lori lililokwama Mariakani. Aliifunga kama anavyofunga kwenye magari mengine yote. Alipowasha injini, moshi ukafuka chini ya dashibodi, na kabla hajafikia kuichomoa, dainamo na nusu ya nyaya zilikuwa zimeungua. Mimi nilikuwa nimekwenda kununua maziwa. Hakuna aliyemwona.

Mzee Jaafar alifika harufu bado iko hewani. "Nani aliyeshika nyaya za gari langu?"

Kioko akafuta mikono kwa kitambaa. "Mangi ndiye aliyekuwa kwenye nyaya jana."

Hebu lichunguze neno hilo. Kila kipande chake ni kweli. Ndiyo maana ni uongo mbaya, hauna mahali pa kuushikia. Kioko aliniambia baadaye kwamba hakumchukia Mangi hata kidogo. Aliona haya tu kuitwa fundi aliyekosea kitu ambacho kila siku anakihubiri.

Kesho yake Mangi alimkuta Mzee Jaafar anamngoja. Mbele ya mafundi, wateja na wauza samaki waliosogea kusikiliza, Mzee alimwambia kwamba ana mkono wa nuksi, na anayempa gari ajitayarishie hasara. Mangi alizitazama zile nyaya zilivyoungua. Fundi wa waya huisoma ajali kwenye waya, akajua. Alimtazama Kioko, Kioko akainamia boksi la spana. Mangi akakusanya koleo zake, akatoka.

Halafu mimi nikaanza kazi. Kila aliyeagiza chai nilimpa na habari juu yake. "Mangi? Usimpe gari lako, ana mkono wa nuksi yule." Nilisema nikicheka, kwa wateja, kwa madereva wapitao, hata kwa watu wasio na magari. Haikupita miezi miwili, Mangi hakuwa anapewa hata taa ya pikipiki aitengeneze. Akarudi kwao Magarini.

Kasa lilichukua miezi mitano. Kioko alivuta upya waya mmoja mmoja, hakutaka mtu amsaidie. Lilipowaka watu walimsifu, na nakumbuka alivyotahayari, nikadhani ni unyenyekevu. Tangu hapo aliacha kuhubiri habari za betri. Akiulizwa na mtu, husema yuko kazini. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Kioko ilimchukua miaka mitatu.

Mwaka huu Mzee Jaafar alipata nafasi ya kwenda Hija. Waislamu wa hapa, mtu akiwa anakwenda Hija, kwanza huwapitia jamaa, majirani na kila aliyewahi kukosana naye, awaombe radhi. Jumanne moja asubuhi akaingia gerejini na fimbo yake, Kasa likiwa hapo kwa matengenezo.

"Shikamoo, Mzee," Kioko akasema.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwako kutaka radhi. Miaka ishirini na mitatu nimekutaabisha kwa gari langu. Nimekukaripia, na pengine nimekudhania mabaya. Nisamehe, nami nimekusamehe yote, niyajuayo na nisiyoyajua."

Kioko akajibu kwamba amesamehe. Sauti ilikuwa ndogo mno.

"Lipo moja linanisumbua," Mzee akaendelea. "Mangi. Nilimvunjia heshima mbele ya halaiki ya watu. Siwezi kwenda kusimama mbele ya Nyumba ya Mwenyezi Mungu na jambo lile moyoni. Nipeleke kwake. Macho yangu hayaiwezi tena barabara."

"Kasa lina kasoro kwenye klachi, Mzee."

"Kasoro gani, na jana jioni umelizungusha soko zima?" nilidakia mimi. Sikuwa najua ninachokifanya. Kioko alinitazama, akaenda kuchukua ufunguo.

Ya Magarini sikuyaona kwa macho. Nayasimulia kama Kioko alivyonieleza, na kama Kadzo, mkewe Mangi, alivyonithibitishia.

Kioko aliapa moyoni kwamba atasema kabla ya daraja la Sabaki. Wakavuka. Akaapa kusema wakiiacha lami. Wakaiacha. Mzee alikuwa akisoma dua kwa sauti ya chini, na Kioko akajipa sababu kwamba si adabu kumkatiza mtu dua yake.

Mangi walimkuta chini ya kibanda cha makuti, ambako siku hizi anatengeneza baiskeli na kuchaji simu za watu. Mzee Jaafar alijikokota akatoka garini, akaenda moja kwa moja kumshika mikono yote miwili, yenye grisi.

"Mangi, mwanangu, nilikutia aibu. Hata kama uliniunguzia gari, sikuwa na haki ya kuutangaza mkono wako kwa watu. Ulikuwa ukila kwa mkono huu, wewe na wanao. Nataka radhi." Na akalia, mzee wa miaka sabini na minne, kofia imemwendea upande.

"Nilikusamehe zamani, Mzee," Mangi akasema. "Usilie, utanitia mikosi bure." Akamketisha. Hakusema kwamba si yeye aliyeunguza.

Kadzo akaleta madafu. La kwanza alimpa Kioko, kwa heshima, kwa kuwa ndiye mwalimu wa mumewe. Kioko akalishika bila kulinywa.

Mangi akamgeukia. "Na wewe, bosi? Umekuja kama dereva tu?"

Kioko akaliweka dafu chini. "Mzee, Mangi hakuunguza kitu. Betri niliifunga mimi. Niliifunga kinyume, na uliponiuliza, nikataja jina lake."

Mzee Jaafar hakufoka, na Kioko anasema heri angefoka.

"Asubuhi ulinisikia nikisema nakuja kumtaka huyu radhi?"

"Nilikusikia."

"Ukanileta."

"Nikakuleta."

Mzee alipangusa uso kwa leso, akaiweka sawa kofia yake. "Nimekwisha sema nimekusamehe, na neno langu silimezi. Lakini huyu alivunjiwa jina gerejini, mchana, watu wakisikia. Radhi ya humu kibandani haimtoshi." Kasa lina viti viwili tu. Akamwambia Mangi, "Endesha wewe. Kioko atatufuata, akitaka."

Kadzo anasema Kioko alisimama kando ya barabara muda mrefu. Pikipiki tatu zilimpita akizitazama. Ya nne akaipungia mkono.

Sisi gerejini tulisikia mngurumo, tukatoka. Nani yuko kwenye usukani? Mangi! Na mimi, kabla ya mtu mwingine kufungua mdomo, nikapaza sauti: "Jamani, nuksi imepanda Kasa!" Watu wakacheka. Mangi alizima injini, akabaki amekaa, mikono juu ya usukani. Mzee Jaafar akawaomba watu wasiondoke.

Baada ya nusu saa pikipiki ikamshusha Kioko, vumbi mpaka kwenye kope. Alikuja akasimama katikati yetu, kando ya Kasa. Aliyasema yote: betri, simu begani, swali la Mzee na jibu lake. Alirudia lile jibu neno kwa neno, polepole, ili hata wauza samaki walielewe. "Mangi hana nuksi," akamaliza. "Mimi ndiye mwongo." Mwenye pikapu ya mboga, aliyeileta itengenezwe, akauchukua ufunguo wake kwenye msumari, akaondoka bila kuaga. Wengine wakaanza kumwendea Mangi, mmoja mmoja, kumpa mkono. Kioko alikaa juu ya tairi, na kila jicho lilikuwa kwake.

Hakuna aliyenitazama mimi. Kioko alikuwa ameusema ule uongo mara moja, kwa maneno sita, akifuta mikono. Mimi niliusema miaka mitatu, nikicheka, na kumbe wangu ndio uliomla Mangi.

Baadaye Mangi akaja kwenye meza yangu akaomba chai. Nikammiminia, chai ikamwagika ikajaa sahani. Akaipangusa mwenyewe. "Asante, dada Moraa," akasema, akasimama hapo akinywa taratibu, kana kwamba ananipa nafasi ya kusema. Nikaanza kuosha vikombe vilivyokuwa safi, mpaka akamaliza akaenda zake.