Mzee Amolo Alisahau Kusema "Niko Kadi"

Mzee Amolo ni fundi wa viatu hapa mtaa wa Pioneer, na nampenda sana, lakini Jumapili ile ningemchapa na mwiko.

Ilikuwa fainali ya poka, ule mchezo wa kutupa kadi zinazofanana mpaka ziishe mkononi, mbele ya kibanda changu cha chakula, watu wametoka kanisani. Yeye na Muigai, muuza viazi kutoka Burnt Forest. Amolo amebakisha kadi mbili. Anaziangalia, anatabasamu, kisha anasema, "Naongeza jogoo wangu." Muigai akaweka gunia la viazi.

Woi! Jogoo mwenyewe ni wa marehemu Aluoch, mkewe, aliyemlea tangu kifaranga. Tangu tumzike mama huyo, asubuhi nyumba ya mzee haina sauti ingine ila ya huyo jogoo. Huyo kweli ndiye wa kuwekwa dau?

Na poka yetu ina sheria ambayo hata mtoto anaijua: ukibakisha kadi moja, sema "niko kadi". Usiposema, humalizi, unaokota kadi zingine. Amolo akatupa kadi moja, kimya. Muigai akacheza. Amolo akatupa ya mwisho, ikaingia sawasawa. "Nimemaliza!"

"Hukusema," Muigai akajibu.

Amolo akaokota, na Muigai akamaliza. Ati simba mwenda kimya ndiye mla nyama! Kwa kadi, mwenda kimya analala njaa. Jogoo akaenda.

Watu walipotawanyika nikamvamia. "Mzee, kadi zilikuwa nzuri. Hata hilo dau naweza kukusamehe. Lakini mdomo ulikuwa umeenda wapi?"

"Mama Purity," akasema polepole, "nilikuwa nangoja nifinywe."

"Ufinywe na nani?"

"Aluoch alikuwa anakaa nyuma yangu. Nikikaribia kumaliza ananifinya mgongoni, ndio nakumbuka kusema."

Hasira yote ikaniisha. Niliingia ndani ya kibanda nikalia, sitaficha.

Kesho yake nilimsumbua Muigai mpaka akakubali marudiano: Amolo akishinda, jogoo arudi. Jumapili ilipofika nilifunga kibanda, nikaweka kiti changu nyuma ya mzee. Alipobakisha kadi moja, nikamfinya.

"Niko kadi!" akapaza sauti, mtaa mzima ukasikia. Zamu yake iliporudi, akamaliza.

Akampakata jogoo wake, akanigeukia, macho yamelowa. "Umefinya polepole sana, Mama Purity. Aluoch alikuwa anaumiza."

Nikamfinya tena, kwa nguvu.