Tangi la Kijivu la Karavani Namba Sita

Iwe wazi kwa wote, wenye pasipoti mfukoni na wale ambao pasipoti zao zinalala kwenye droo ya arbab, mwajiri wao: Mtukufu Twaibu, mzaliwa wa Iganga, Mfungua Valvu, Mpokeaji wa kila kilichokataliwa na matumbo ya watu wa heshima, anawasili kambini. Simameni. Au kaeni mbali, kama kawaida yenu.

Kukaa mbali ndiko walikokuwa na ujuzi nako. Kwenye basi, kiti cha ubavuni kwake kilibaki kitupu hata watu wakisimama wamebanana, naye akasafiri kama waziri, viti viwili kwa nauli moja. Chumbani kwake, mtaa wa Discovery Gardens, walikuwa wanane, lakini saba walilinda mahoteli ya Al Garhoud zamu ya usiku. Yeye akiingia, wao wanatoka. "Viatu nje, shehe," wanamwambia mlangoni, na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake ya siku nzima.

Kazi yake ilikuwa karavani kumi na nne za kupangisha, nyumba za magurudumu, zimejipanga mchangani nje ya Jebel Ali. Kila moja ina matangi mawili tumboni: jeusi, la choo, na la kijivu, la maji ya kuogea na kuoshea vyombo. Tangi likijaa, taa nyekundu inawaka ukutani, mpangaji anapiga simu ofisini, na Twaibu anakuja na pikapu yenye pampu na mpira wa kunyonyea. Anamwaga jeusi kwanza, la kijivu baadaye, ili maji ya sabuni yauoshe mpira uliopitisha balaa. Mwishoni mwa mpira huo kuna kiungo cha plastiki kinachoonyesha ndani. Hapo Twaibu alisoma maisha ya watu: nani amepika wali ukaungua, nani amenyoa ndevu, nani amemwaga mchuzi wa mkewe kwa siri.

Namba sita ilikuwa ya familia iliyokuja wikendi tu. Siku nyingine zote alibaki Mahfudha peke yake, mfanyakazi wa ndani kutoka Mombasa, akilinda televisheni na viti vya plastiki. Madam alimkataza kutoka nje ya uzio na kupokea wageni. Mtu wa tangi, bila shaka, hakuhesabiwa kuwa mgeni. Hakuhesabiwa kuwa kitu.

Maji ya mtu mmoja yangechukua wiki mbili kulijaza tangi la kijivu. La namba sita lilijaa kila baada ya siku mbili. Mara ya kwanza Twaibu alipochungulia kwenye kile kiungo, hakuona povu wala punje ya wali. Maji yalipita safi, ya kutawadhia kabisa. Akaelewa kuwa kuna mtu anafungulia bomba makusudi, ili taa iwake, ili mtu aje.

 Kumwaga tangi kulichukua dakika ishirini. Alipunguza nguvu ya pampu, zikawa arobaini.

"Kaka Twaibu," Mahfudha alimwita kupitia kidirisha cha bafu, "leo wanuka kuliko Jumatatu."

"Jumatatu nilikuwa nimeoga, dada."

"Na leo?"

"Leo nimetoka namba tisa. Walikuwa na sherehe."

"Ya Rabi! Hebu nipe habari za mtaani Satwa. Mafundi cherehani wauza mabuibui gani siku hizi?"

"Meusi."

"Weye ni bure kabisa," alisema, akacheka mpaka akakohoa. Hakuna aliyemtongoza mwenzake. Walitaka tu kuongea Kiswahili, kisiwaozee mdomoni.

Jumatano moja walitokea Deus, msimamizi wa kambi, Mhaya mwenye kalamu tatu mfukoni, na madam nyuma yake, amebana pua.

"Mara kumi na moja mwezi mmoja!" Deus alisema. "Sasa nimeleta bomba la kudumu mpaka shimo kuu. Unganisha, acha valvu zote mbili wazi, khalas. Hutarudi hapa mpaka msimu uishe."

Kidirishani uso wa Mahfudha ulisinyaa. Twaibu alishika mpira kama mtu aliyekaribia kunyang'anywa, halafu ufundi ukamjia.

"Bosi, jeusi haliachwi wazi. Maji yatatoka, mzigo utabaki. Utakauka, utarundikana. Msimu ukiisha, madam atakuwa na mlima chooni."

Deus alimtafsiria madam kuhusu mlima. "Lifungwe!" madam akapiga kelele. "Yalla, lifungwe!"

"Na la kijivu?" Deus akauliza.

Neno moja lingetosha. Mahfudha alikuwa akimkonyeza kwa macho yote mawili. Lakini kwa miaka sita Twaibu hakuwahi kusema uongo juu ya tangi. Ndiyo heshima pekee aliyokuwa nayo katika mji huu mzima, hata kama waliomheshimu ni matangi yenyewe.

"La kijivu halina mzigo," alijisikia akisema. "Linaweza kubaki wazi."

Basi Twaibu akaunganisha bomba, la kijivu likaachwa wazi. Jeusi, kwa mtu mmoja, alikadiria litamwagwa mara moja kwa mwezi. Deus akaandika, akaondoka na madam.

"Mjinga weye!" Mahfudha alifoka. "Nani alikuomba ukweli?"

"Ni tangi, dada. Nitalidanganyaje?"

Pampu ilikuwa imezimwa. Walisikiliza maji ya bomba jipya yakienda zake bila kumwita mtu. Kisha Mahfudha akatoa mkono nje ya kidirisha, akauinua kama shahidi mahakamani.

"Sikia, Twaibu. Limebaki jeusi. Wallahi, kuanzia kesho nala maharage asubuhi, mchana na jioni. Nitakujazia tangi hilo mimi mwenyewe, kwa jasho langu, kabla wiki haijaisha!"

Twaibu alikunja mpira, akalitazama tangi, akapiga hesabu.

"Maharage hayajazi," akasema. "Vuta maji ya choo."