Fundi Saa na Springi ya Gari

Mume wangu ni fundi saa. Kwa miaka thelathini ameshika springi nyembamba kama unywele, na akifungua kitu hukiinamia mpaka pua inakaribia kukigusa.

Jumamosi aliamua kubadilisha springi za kigari chake cha mbio ili kikae chini zaidi. Nilimwambia aende gereji, akanisikia kama redio ya jirani. Uani, chini ya kibanda, aliibana springi nene kwa vibanio viwili vya kuazima, akaanza kulegeza nati inayoizuia isifyatuke. Kutoka dirisha la jikoni nikaona kibanio kimoja kinateleza, naye kainama, jicho juu ya nati.

Nikawaza: Nikipiga kelele atashtuka, mkono utacheza.

“Baba watoto,” nikasema taratibu, “njoo uonje mchuzi.”

“Ngoja.”

“Nadhani nimeuunguza.”

Akainua kichwa, akageukia dirishani anigombeze. Springi ikafyatuka, nati ikatoboa bati la kibanda. Tulilitazama lile tundu.

Jumatatu nilimpelekea chakula dukani. Alikuwa anafungua saa ya mteja, mikono kainyoosha, uso kaugeuzia ukutani.